Fundi wa Kanda Aliyesikia kwa Macho

Mtu huyu aliwahi kuishika sauti ya dada yangu mikononi mwake, akaipasha moto, akanirudishia, na yeye mwenyewe hakusikia hata neno moja. Nikiyasema haya vijana hunitazama kama mtu aliyeanza kupotewa. Sijapotewa. Nimeona niandike mwenyewe, kwa mwandiko wangu huu mbaya, maana wengine wakimsimulia watamtia chumvi, naye hakuipenda chumvi. Chumvi ilimlia mashine zake maisha yake yote.

Alizaliwa wapi, mwana wa nani, hayo waulizeni wenye kupenda nasaba. Sisi wa mtaa wa Mkomani, Lamu, tulimwita Fundi wa Kanda, au Fundi basi, na ukimwita kwa jina lake hasa hageuki. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya nyumba ya mawe, kwenye njia nyembamba ambayo punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Mrefu, mkavu, na nyuma ya sikio lake daima ana kipande cha pamba, kama seremala anavyoweka penseli. Ile pamba aliichovya kwenye spiriti akasugulia kile kichuma ambacho utepe hupita juu yake. Yeye alikiita kitwa, yaani kichwa. "Mashine ni kitwa," alikuwa akisema. "Kitwa kikichafuka, hata mwenye sauti ya malaika atatoka na mafua."

Mashine yenyewe ilikuwa kubwa kama sanduku la bibi harusi. Juu ina magurudumu mawili, utepe unatoka huku unaingia kule, na mbele ina vidirisha viwili vya kioo, kila kimoja na mshale wake. Mshale unalala kushoto sauti ikiwa hakuna, unapanda kulia sauti ikija, na mwisho kabisa pana nyekundu. Nayaeleza haya mapema maana bila ya ile mishale hutamwelewa mtu huyu.

Watu wa mbali huenda hawazijui nyimbo za vugo. Ni nyimbo zetu wanawake, za harusi, tunaimba tukigonga pembe kwa vijiti. Na ndani yake msidhani mna maua matupu. Mna wifi aliyeficha sukari. Mna mume anayekoroma. Mna jirani aliyeazima sinia na mpaka yeo hajalirudisha, na jina halitajwi lakini kila mtu anamgeukia. Zamani kila harusi ilitiwa kwenye kanda, na kila mwanamke alitaka nakala. Nakala utazipata kwa fundi, na fundi ni mwanamume. Mafundi wengine wa mji walinakili huku wanasikiliza, na jioni yake ukipita barazani unawasikia wanaume wanacheka mambo ya jikoni mwako.

Huyu wetu alichomoa waya wa spika. Mbele ya macho yako. Akauweka juu ya meza uuone, kisha akanakili kwa kuitazama ile mishale.

"Kanda ya wanawake ni amana," alisema. "Amana haifunguliwi."

"Sasa utajuaje kama imetoka sawa?" nilimuuliza mara ya kwanza, na nilimuuliza kwa ukali maana sikumwamini.

"Mshale, Bi Mkubwa. Ukilala, sauti imelala. Ukicheza, sauti yacheza."

"Na vigelegele je?"

"Hapo mshale hukimbia kama mimi nikiona punda."

Kweli aliwaogopa punda, na anaishi Lamu! Punda akipita mlangoni yeye hujibana ukutani na kukumbatia chochote alicho nacho mkononi, pasi ya kutengeneza au feni ya mtu, mpaka mkia upotee kwenye kona. Mtoto wa miaka mitano anampiga punda kofi la matako apishe njia, na mzee mzima amejibandika ukutani kama mjusi. Nilimcheka waziwazi. Hakujali. Ukimuuliza kazi imekuwa nzuri au mbaya, hasemi nzuri wala mbaya. Anasema, "Mshale umeridhika."

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Chumba amekijaza sauti za mji mzima, na nyumbani kwake hapakuwa na redio. Na mashine alisema kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa, "taratibu mama, taratibu, twende," na binadamu aliyesimama pale pale anamfokea, "Usinipumulie mezani!" Kofia yake ilikuwa ya kushonwa kwa mkono, nyeupe, tundu ndogo ndogo kama nyota, na ndiyo kiburi chake pekee, hakumruhusu mtu kuigusa. Lakini siku aliyoitwa Pate kurekodi maulidi, boti ilipofika gati la Mtangawanda, wapagazi wakainua mikono wampokee mashine, akakataa. Akataka kushuka nayo mwenyewe. Mguu ukakosa gati, mtu akaingia majini mpaka kifuani, na mashine ameiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba jeneza. Kofia ikachukuliwa na maji. Watu wa Pate wanapiga kelele, "Bwana, kofia! Kofia yenda!" Yeye anajibu, "Niacheni na kofia, shikeni hii, imekauka?" Alirudi Lamu kichwa wazi. Mtu aliyekuwa hatoki hata kwenda dukani bila kofia.

Kisha simu zikaja na kanda zikafa. Mafundi wengine wakauza mashine zao kwa wakusanya vyuma. Yeye akawa anatengeneza feni na birika za umeme, na mashine kubwa akaifunika kwa kanga ya marehemu mkewe. Lakini kila asubuhi aliifunua, akaisugua kitwa, akazungusha magurudumu kidogo, akaifunika tena. Nilimwambia, "Fundi, unaiosha maiti." Akasema, "Yapumua hii. Weye huioni tu."

Na wallahi ilikuwa inapumua! Maana miaka hii ya karibuni, siku moja, wakaja kwake vijana watatu na kompyuta mgongoni. Wanarekodi nyimbo zao chumbani, magodoro yamesimamishwa ukutani, maikrofoni moja. Mimi nilikuwa pale na birika langu, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu.

"Bwana Fundi, tumekuja kutafuta joto."

"Joto? Tokeni nje, jua hilo."

"La, Bwana. Joto la kanda. Nyimbo zetu zimetoka baridi. Tunataka uzipitishe kwenye kanda halafu uturudishie kwenye kompyuta."

Fundi akavua miwani. "Miaka yote mlalama kanda ina mvumo. Kanda yafifiza. Kanda yapinda. Yeo mwataka ule mvumo wenyewe?"

"Ndiyo, Bwana."

"Na kule kufifia?"

"Hasa huko."

"Subhanallah," akasema, na kanga ilikuwa imeshatoka juu ya mashine kabla hajamaliza kulitamka. Birika langu halikutengenezwa wiki nzima. Nilimwona siku hiyo hiyo akienda kununua spiriti, mtu mzima, anakimbia, na ndevu zake zinakimbia mbele yake.

Mjukuu wangu Rukia ndiye aliyenielewesha. Rukia anajua mambo haya, kajifunza na anayapenda, na katika nyumba yao ya Wiyoni kafanya chumba kimoja cha kurekodia. Alisema kompyuta inachukua kila kitu mpaka ncha, haina huruma. Na kanda ukiisukumia sauti kubwa kidogo haivunjiki, inainama, ncha zinakuwa mviringo na chini panajaa. Nikamwambia basi sema hivyo tangu mwanzo. Wali uliochemshwa kwa maji matupu, kila punje unaihesabu, lakini nani ataula? Kanda ni tui. Akasema, "Ee Bibi, kanda ni tui!" akanibusu, nikamsukuma.

Sasa nifike kwa dada yangu.

Dada Maimuna ndiye aliyekuwa mbele katika vugo letu. Sauti nzito, ya chini, inayokuingia tumboni kwanza, masikio baadaye. Mimi nilikuwa wa kuitikia tu. Koo likaanza kumsumbua, akapelekwa kwa madaktari, wakasema lazima lipasuliwe Mombasa na sauti haitarudi. Hawakuzunguka, wakasema hivyo hivyo. Na Rukia alikuwa ameshaposwa. Dada alikuwa amemwahidi tangu akiwa mtoto kwamba siku yake atamwimbia yeye mwenyewe, asimwachie mtu. Kwa hiyo kesho yake Dada akiwa na safari ya Mombasa, leo tukaingia kwenye chumba cha Rukia, wanawake wazima tumebanana na magodoro na pembe zetu, na Dada akaimba. Aliimba mara moja, kwa maumivu, kwa kuwa ya pili hakuwa nayo. Hata punda wa Wiyoni walinyamaza, na hilo ni jambo la kuandikwa.

Rukia akatuchezea tulichorekodi. Dada akasikiliza kichwa chini. Pembe zilikuwa zinagonga kama misumari, kali, na sauti yake imesimama peke yake katikati, safi, kavu, haina mtu nyuma yake.

"Huyu si mimi," akasema.

"Dada, ni wewe," nikamwambia.

"Si mimi. Huyu ni mtu aliyekufa anayeniiga. Nikirudi nikisikia bado yu hivi, futeni. Heri Rukia aolewe kimya kuliko kuimbiwa na huyu."

Wanaomjua Dada wanajua hakuwa akitisha. Angefuta kwa mkono wake. Na hakuna tena pa kuichota sauti ile.

Alikaa Mombasa, koo likapasuliwa, sauti ikaondoka kama walivyosema. Rukia akasema tiba ni moja, kanda. Lakini Rukia hakuweza kwenda: alikuwa ameshawekwa ndani kama desturi ya bibi harusi, anasuguliwa liwa ya msandali, hatoki mpaka siku yake. Basi nikaifunga fleshi kwenye ncha ya leso yangu, nikaenda Mkomani mimi.

Nilimweleza Fundi yote. Akachomoa waya wa spika, akauweka mezani, kama zamani zile, na mimi nikasikia kifua changu kinafunguka. Mishale ikaanza kucheza. Alikuwa anaitazama kama mtu anayetazama macho ya mgonjwa, au mato kama anavyosema yeye. Anagusa kitufe kidogo, anaacha. "Mwimbaji wenu ana pumzi ndefu," alisema mara moja. "Mshale haushuki." Basi. Nikarudi mbio.

Rukia akaicheza kanda. Ya Rabbi! Sauti ya Dada imejaa chumba, nzito, ina mwili! Pembe zimelainika! Nilianza kulia kabla sijaamua. Kisha Rukia akainua kidole.

"Bibi. Ngoja. Unasikia?"

Nikasikia. Chini ya sauti ya Dada, mbali, kama watu walio nyumba ya pili, wanaume wanasoma maulidi. Kundi zima. Dada anamwimba wifi mchoyo wa sukari, na chini yake wanaume wanamsalia Mtume kwa heshima kubwa. Rukia alianguka kitandani kwa kicheko, liwa ikapasuka usoni. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu saa, maana boti ya Dada ilikuwa inafika kesho yake alasiri.

Nilirudi kwa Fundi na hasira zangu zote.

"Fundi! Umemwimbisha dada yangu na msikiti mzima!"

"Nini?"

"Chini yake mna maulidi."

Alikaa. Kweli alikaa, mtu ambaye hakai akifanya kazi. Alikuwa ametumia kanda kuu kuu ya maulidi, akiamini mashine itaifuta inapoandika juu yake. Lakini mashine ina kichuma kingine, cha kufutia, nacho kilikuwa kimekula chumvi na unga wa kahawia wa kanda kuu kuu, hakikufuta yote. Fundi yeyote anayesikiliza angejua hapo hapo. Huyu alikuwa anatazama, na mshale haukwambii nani anayeusukuma.

"Nimelitia doa jina la Mtume," akasema pole pole.

"Mtume amesamehe makubwa kuliko hayo. Mimi nataka dada yangu. Kesho anafika."

Akasugua. Alisugua kile kichuma mpaka pamba ikatoka nyeupe kama ilivyoingia. Kisha akafungua kabati, akatoa kanda ambayo haijafunguliwa, bado na karatasi yake ya kiwandani. Alikuwa nayo tangu duka la mwisho la kanda lilipofungwa, na wale vijana waliwahi kuiona wakaililia, akawafukuza. Akaipasua karatasi kwa meno.

"Lakini nitafanya yale yale," akasema. "Nitatazama, na nitakosea tena. Hii kazi yataka sikio."

"Tia spika basi, usikilize. Mimi ndiye mwenye amana, nimekupa ruhusa."

"Ruhusa ni ya mwimbaji, Bi Mkubwa. Si yako."

Nilimkasirikia na nilimpenda kwa pamoja, sijui nisemeje. Akafungua droo, akatoa hedifoni kubwa za kizamani, za kufunika sikio zima. Akanipa mimi.

"Weye sikio. Mimi mato."

"Mimi sijui haya mambo!"

"Dada yako wamjua?"

Nikazivaa juu ya buibui. Mlango wazi, wapita njia wanatazama, mwanamke mzima kavaa vibakuli masikioni. Watazame. Akaanzisha. Dada akaniingia kichwani moja kwa moja, karibu kuliko alivyowahi kukaa nami kitanda kimoja utotoni.

"Wasikia nini?" Fundi akauliza. Macho yake hayatoki kwenye mishale.

"Pembe zinachoma."

Akagusa. "Sasa?"

"Bado zina misumari."

"Sasa?"

"Zimevaa kitambaa. Ee. Zimevaa. La, umezidisha, umezitia blanketi! Zitoe!"

"Hapa?"

"Rudi kidogo. Kidogo nimesema, Fundi, si safari ya Mombasa!"

"Na sauti?"

"Sauti ndefu lakini haina tumbo."

Akasogeza kitufe kingine, mishale miwili ikapanda pamoja ikaanza kubusu nyekundu, inagusa inarudi, inagusa inarudi. Na hapo, jamani, hapo nikamsikia! Si wimbo tu, nilimsikia yeye, na mwili wake, na ile pua yake ya kujidai, amekaa mbele yetu kwenye mkeka, sisi nyuma tunamwitikia.

"Hapo! Hapo usiguse! Fundi, toa mkono!"

Akainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyeshikwa na askari. Ndipo sauti ya Dada ikaanza kuzama, ikawa nzito, nzito zaidi, ikawa ya mwanamume, ya jini. Nikapiga yowe. Fundi akatazama magurudumu. "Umeme!" akasema. "Umeme umepungua, yazunguka pole pole. Ni huyo jirani na randa yake."

Jirani ni fundi wa milango, ana randa ya umeme, akiiwasha taa za njia nzima huinamisha kichwa. Nilitoka na hedifoni shingoni.

"Zima hiyo!"

"Shikamoo Bi. Nina mlango wa mzungu, nauharakisha..."

"Marahaba. Zima. Mzungu ana nyumba, hatalala nje. Kaa ule tende."

Alizima. Mtu hajibishani nami nikiwa na waya zinaning'inia shingoni. Akakaa barazani anakula tende za Fundi, na sisi tukaanza upya, kutoka mwanzo mpaka mwisho, mimi naita na yeye anageuza. Ilipokwisha nguo zangu zilikuwa zimelowa jasho. Nikamuuliza imekuwaje.

"Mshale umeridhika," akasema. Kisha akaongeza, na hajawahi kuongeza: "Mimi nakuuliza weye."

"Mimi pia nimeridhika," nikasema.

Dada alifika na kitambaa shingoni, amekonda, macho makali kama kawaida yake. Hakutaka chakula. Alionyesha kidole kwenye kompyuta kabla hajavua viatu. Rukia akanitazama, ikabidi nimwambie, "Bonyeza, mwanangu, kwani atakumeza?"

Dada akasikiliza. Kichwa chini vile vile. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Uso wake haukusema kitu na mimi niliyemjua tangu tumbo moja sikuweza kuusoma. Nikaona sasa atasogeza mkono afute. Mkono ukasogea. Ukapita kompyuta, ukaenda ukutani pale zilipotundikwa pembe, ukachukua pembe yake na kijiti. Akasubiri. Na mahali pa kugonga palipofika, akagonga. Akagonga barabara, ndani kabisa ya mapigo, pembe ya leo na pembe za kwenye kanda zimekuwa kitu kimoja, na midomo yake inakwenda na maneno, bila sauti, kwa maana sauti ilikuwa pale inatoka mbele yake. Rukia alipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akauliza kama harusi imewahishwa.

Siku ya harusi tulikusanya simu zote mlangoni kwenye sinia, zikakaa na bibi mmoja asiyeweza kudanganywa. Kisha Dada akakaa mbele, mahali pake, na pembe yake, na sauti yake ikatoka nyuma ya pazia. Wageni kutoka Pate hawakujua kwanza. Walipojua, wanawake wazima walisimama. Yule wifi wa sukari naye alisimama.

Fundi nilimwona mwezi uliopita, kabla binti yake hajamchukua akakae naye Malindi. Mashine imekwisha, mpira wa ndani unaozungusha magurudumu umekatika na mfano wake haupatikani popote, vijana wametafuta mpaka ng'ambo. Nilimkuta amekaa barazani nje ya chumba kitupu, bila pamba nyuma ya sikio, na nikagundua sikuwahi kuliona sikio lile likiwa tupu. Nilimpelekea mahamri. Tukaongea habari za miguu, habari za sukari kupanda, habari za Malindi na joto lake. Halafu akasogeza sahani ya mahamri kando.

"Bi Mkubwa. Kuna jambo. Si dhambi nikuulize?"

"Uliza kwanza."

"Ile kanda ya dada yako. Mwisho kabisa, wimbo umekwisha, mishale imelala tini, kushoto kabisa. Nataka kuzima. Mara ikaruka, yote miwili, mpaka nyekundu, ikakaa. Nikasema ni hitilafu. Mkono ukaenda kukata. Weye ukanipiga kofi la mkono. Hukusema kitu, nami sikuuliza, haikuwa haki yangu." Akasafisha koo. "Kila nikilala naiona. Ilikuwa nini?"

Nikamtazama. Nikafikiri kama hili nalo ni amana ya Dada au la, na nikaona kama Dada angekuwapo pale barazani na angekuwa na sauti, angemwambia mwenyewe, tena kwa matusi.

"Alikuwa anacheka," nikasema. "Ubeti wa mwisho aliukosea. Alimwita wifi kwa jina lake. Akadhani Rukia ameshazima."

"Akicheka?"

"Akicheka. Ndicho kicheko chake cha mwisho chenye sauti. Hakuna kingine popote."

Mzee akainua kidole kimoja mbele ya uso wake, akafumba macho, na kile kidole kikaanza kwenda. Kikaruka kulia kwa ghafla, kikasimama, kikatetemeka, kikataka kushuka kikakataa, kikapanda tena, kikatetemeka zaidi, kisha kikateremka kidogo kidogo, kwa vikwazo, mpaka kikalala.

Nimekaa na dada yangu miaka sabini na zaidi. Ndivyo alivyokuwa akicheka, hasa hasa.